Mpakani Wanataka Mwezi Sita

Kasama, Zambia, 8 Februari 1998

Masenge wangu Pudentienne,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa, maana najua barua hii utaisoma umesimama mbele ya beseni la ndagala, wateja wakikungojea. Mimi sijambo. Kazi ninayo, bado nashona nguo za shule hapa sokoni. Bwana wako, Tonton Ngendakumana, hajambo? Mpunga wake wa Sange umetoka vizuri, au bado anagombana na ndege?

Sasa neno lenyewe. Nimepata mchumba. Usipige vigelegele, utamwaga samaki. Anaitwa Kasonde, ni mwalimu wa shule ya msingi, Mubemba, mrefu, meno yote anayo. Tunataka kufunga ndoa kabla ya Pasaka. Juzi mama yake akaniuliza, "Mayosenge wako yuko wapi?" Nikashtuka, nikadhani anakufahamu! Kumbe kwa Kibemba shangazi wa upande wa baba ni mayosenge, nasi nyumbani tunasema masenge. Neno ni lilelile, limepanda boti likashuka huku.

Kwao binti hatoki bila huyo mtu. Wakwe wanauliza, "Nani anatutolea mtoto huyu?" naye ndiye anayejibu. Nikikosa wa kujibu, watasema wameokota muke barabarani. Mbele yangu hawatasema, ni watu wazuri, lakini watasema. Mama alikufa nikiwa mdogo, na hapa sina hata binamu. Njoo, Masenge.

Huyu Placide anayekuletea barua ni baharia wa boti ya mizigo, wanaleta sukari na saruji kutoka Mpulungu mpaka hapo Kalundu. Anasema nafasi ya mtu mmoja haikosekani. Ila chunga pasipoti yako: mpakani wanataka mwezi sita, bila hiyo wanakurudisha.

Na Papa? Tangu aniweke kwenye boti ile Oktoba ya '96, akaniambia atakuja na nyingine, sijapata neno. Ukisikia lolote niandikie.

Mtoto wako,
Jolie


Kalundu, Uvira, 8 Machi 1998

Weye Jolie,

Salamu zako nimezipokea nimekaa, tena nimekaa vizuri, kwa hiyo hukujua kitu. Mwezi ni mkubwa, taa za wavuvi hazifai kitu, ndagala hakuna. Kalundu nzima tumekaa tunaangaliana. Minye niko muzima, goti tu linanisumbua nikipanda kwenda misa. Tonton wako ni muzima pia. Ndege wamekula mpunga, na anaapa mwaka huu wamealika jamaa zao wa Burundi, wote bila pasipoti.

Eti meno yote anayo! Muntu anachagua bwana kama anayechagua mbuzi soko la Sange. Niambie mambo ya maana: anakula ndagala na kichwa chake, au ni wale wa kukata vichwa? Mwanaume anayetupa kichwa cha ndagala, kesho atatupa na kingine. Na mama yake mwambie nimempenda, kwa sababu ameuliza kunihusu kabla ya kuuliza kukuhusu weye.

Pasipoti niko nayo. Niliitoa '93, wakati nilikuwa nikienda Kigoma kununua vitenge. Nimeitoa chini ya sanduku nikaifungua: imeandikwa ZAÏRE, kwa herufi kubwa, bila haya. Nchi imekufa mwaka jana, na kitabu chake kingali hai. Ngendakumana anakiita mjane. Ndani yake kuna picha ya muke mwenye mashavu, na mashavu hayo vita vya juzi vimeyachukua. Wakinikataa mpakani itakuwa ni kwa sababu ya mashavu.

Nitakuja mwezi wa sita. Mvua zitakuwa zimekwisha, na mpunga umevunwa. Waambie wakwe wako waanze kunenepesha kuku.

Placide anapiga honi huko bandarini, ana haraka kama mutoto wa kutumwa chumvi. Naishia hapa.

Shangazi yako anayekupenda,
Pudentienne


Kasama, 29 Machi 1998

Masenge,

Natumaini ndagala zimerudi, maana ukikaa bure ulimi wako unanoleka. Kasonde anakusalimu. Anakula kichwa, anakula mkia, kisha anauliza kama kuna nyingine. Amejifunza kusema "Masenge" na anafanya mazoezi mbele ya kioo.

Mwezi wa sita ni mbali, Masenge. Huwezi kuja kabla ya Pasaka, au hata wiki mbili baadaye? Mpunga Tonton anaweza kuuvuna bila wewe kumsimamia. Nguo ya arusi imekwisha, nimeishona mwenyewe, na nguo ya arusi haipendi kungoja. Sababu nyingine hakuna. Naapa hakuna.

Kuna na hili. Padri ana karatasi ya kutangazia ndoa. Alipofika kwenye jina la baba aliuliza, "Hai au marehemu?" Nikasema sijui. Akanitazama, akaacha nafasi wazi. Masenge, nimekuuliza habari za Papa, ukanijibu habari za ndege.

Mtoto wako,
Jolie


Kalundu, 26 Aprili 1998

Mutoto wangu Jolie,

Pasaka imepita, Bwana amefufuka, na goti langu limekataa kumfuata. Parokia ilijaa mpaka nje. Nimekuombea weye, nimemwombea na yule wa mazoezi ya kioo.

Nguo haipendi kungoja, yo! Minye nimeona nguo nyingi za arusi. Zinangoja miaka, hazilalamiki. Inayolalamika ni ile tu inayobana kiunoni kila wiki. Basi niulize jambo moja dogo, la udongo. Placide anasema ulipompelekea barua bandarini Mpulungu, ulinunua donge la udongo kwa mama mmoja ukalitafuna palepale, umesimama, macho umefumba. Kalundu tunajua ni nani wanaotafuna udongo wakifumba macho. Sisemi kitu. Kazi ya shangazi ni kuona na kunyamaza, mpaka siku ya kusema ifike.

Lakini hata kama nguo ingepasuka katikati, nifanye nini? Si weye mwenyewe uliandika mpakani wanataka mwezi sita? Nikifika mwezi wa tano, wataniambia, mama umewahi, rudi ungoje. Sheria ya watu ni sheria ya watu, haivunjwi na mgeni. Tumeijadili sana hapa nyumbani. Ngendakumana anasema ni kwa sababu ya kipindupindu: wanangoja mvua iishe, ndipo wafungue mlango. Nimeona ni akili. Na pasipoti usiwe na wasiwasi nayo, inaisha tarehe 14 Oktoba, mwezi wa sita haijafika hata karibu.

Ile nafasi ya padri, aiache wazi kwanza. Hayo si maneno ya barua. Tutayasema mdomo kwa mdomo.

Shangazi yako,
Pudentienne


Kasama, 31 Mei 1998

Masenge! Masenge!

Salamu zitakuja mwisho, nisamehe. Barua yako ya Aprili imenifikia jana, boti iliharibika mashine ikalala Kalemie wiki na wiki. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa chini, kwenye vumbi la soko.

Si mwezi wa sita! Si Juni! Wanataka pasipoti iwe bado na miezi sita ya uhai, kuanzia siku unayoingia. Miezi, Masenge! Ungekuja Machi au mwanzo wa Aprili wangekugongea muhuri wakicheka. Yako inaisha Oktoba. Ukija Juni itakuwa imebakiwa na minne, na watakurudisha. Kosa ni langu na la Kiswahili chetu cha Uvira: miezi sita tunasema mwezi sita, na Juni tunasema mwezi sita. Nimekaa huku mwaka na nusu na bado naandika kama niko soko la Kalundu. Nawe na Tonton mkakaa mkatafuta na sababu! Kipindupindu! Kasonde amecheka mpaka ameshika ukuta, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Usipande boti. Nenda kwanza wakuongezee muda, hata kama ni mpaka Bukavu. Sisi tutangoja. Mimi mwenyewe nilipofika '96 sikuwa na karatasi hata moja. Waliniuliza jina, wakaliandika, wakanipa blanketi. Leo wewe mwenye kitabu ndiye wa kurudishwa!

Na ndiyo. Udongo, ndiyo. Haya, cheka.

Sasa salamu: hujambo, goti halijambo, Tonton hajambo?

Jolie


Mpulungu, bandarini, 16 Juni 1998

Jolie,

Niko hapa. Usipige kelele.

Nimekuja na boti nyingine, ya saruji. Tulipokuwa tunatoka Kalundu, boti ya Placide ilikuwa inaingia. Alisimama mbele kabisa akinipungia karatasi mkononi, akipiga kelele, upepo unachukua maneno yote. Nikadhani ananitakia safari njema, nikampungia kitambaa. Sasa naanza kuelewa ile karatasi ilikuwa nini.

Mwenye muhuri ni kijana mpole, Kiswahili anakijua kidogo. Alifungua kitabu changu, akatazama tarehe, akahesabu kwa vidole: Juni, Julai, Agosti. Miezi ikaisha kabla ya vidole. "Mama, hapa iko mwezi ine tu. Sisi tunataka mwezi sita." Nikamwambia, "Mwanangu, sasa si ndiyo mwezi sita? Tazama kalenda yako ukutani!" Akaitazama kweli. Tumegombana hivyo kwa heshima, kila mmoja anasema mwezi sita, mpaka mama mmoja muuza samaki akatuamua. Nikaona aibu, mutoto wangu. Nikajaribu njia nyingine: "Nchi iliyonipa kitabu hiki imekwisha kufa, weye unakihesabia miezi?" Alicheka, lakini muhuri ukabaki kwenye droo.

Ameniruhusu kukaa kwenye kivuli cha ghala, upande wa ziwa, mpaka boti imalize kupakia sukari. Inaondoka Jumapili baada ya misa. Kati yangu na Zambia kuna mnyororo, unafika kwenye goti. Ningekuwa bado msichana ningeuruka.

Barua hii anaileta yule mama muuza samaki, anapanda basi la Kasama leo. Leta wakwe. Leta huyo wa meno. Nimevaa kitenge cha arusi na sikubali kurudi nacho bila kazi.

Pudentienne


Kasama, 5 Julai 1998

Masenge wangu,

Natumaini ulifika salama na ziwa halikukutesa, maana pepo za Juni tunazijua. Hapa wote wazima. Ndoa imefungwa kanisani Jumamosi iliyopita. Nguo niliifumua pembeni zote mbili, na bado nilipumua nusu nusu.

Nakuandikia mambo ya Mpulungu, kwa sababu ulikuwa upande wako wa mnyororo na ya upande wetu hukuyasikia. Wakwe walikuja kumi na wawili, kwenye lori la kubebea mahindi. Njiani nikafikiri, sasa mama mkwe ameona aibu, mwana wake anaoa mtu ambaye ndugu zake wamezuiliwa mlangoni kama mbuzi. Tulipofika akakuona umekaa juu ya mfuko wa sukari, kitenge umevaa, kilemba umefunga, umejinyoosha kama mwenye bandari. Akawaambia wenzake kwa Kibemba, "Mtu aliyevuka ziwa zima kuja kukaa kwenye mnyororo kwa ajili ya mtoto! Huyu binti ana watu." Kisha akavua viatu kwa heshima kabla ya kukusogelea. Wewe ulidhani miguu inamuuma, ukampa pole.

Na yale uliyomfanyia yule kijana wa muhuri, Masenge, sijui nikusamehe lini. Kumwita mbele ya wakwe zangu wote, kunyoosha kidole kwenye tumbo langu, na kusema, "Miezi sita uliyokuwa unaitafuta, ile pale, kamili!" Nilitaka ardhi inimeze. Sasa mji mzima unaniita Miezi Sita. Yule kijana ametutumia sahani mbili za zawadi.

Halafu mjomba wa Kasonde akauliza. "Nani anatutolea mtoto huyu?" Ukasimama. Ukasema, "Minye, Pudentienne, shangazi yake, mahali pa kaka yangu Frédéric Ciza, marehemu." Kasonde alikuwa anatafsiri. Alipofika kwenye neno la mwisho akanigeukia. Wakwe wakadhani neno limemshinda. Nikalitafsiri mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyomzika baba yangu, Masenge: kwa Kibemba, mbele ya wakwe, nimeshika kuku mikononi.

Ulijua huwezi kusimama mahali pa mtu aliye hai, kwa hiyo ilikulazimu kusema. Lakini ulisema mahali ambapo singeweza kukuuliza. Wanawake walipiga vigelegele, ulinikumbatia juu ya mnyororo, honi ikapigwa. Nimekukasirikia mpaka Mbala. Kuanzia Mbala nikalia mpaka nyumbani, na mama mkwe akanishika mkono njia yote bila kuuliza.

Padri amejaza ile nafasi. Mimi siulizi tena kama yuko hai. Nauliza alikufa wapi, na kwa nini uliniacha nimngoje.

Mtoto wako,
Jolie


Kalundu, 6 Desemba 1998

Jolie, mama wa nani sijui,

Pokea salamu nyingi, za miezi yote niliyoshindwa kuzituma. Barua yako ya Julai ilinikuta, jibu langu ndilo lililokosa miguu. Unajua Agosti vita vimerudi. Boti za mizigo zimesimama, Placide amekwama Kigoma na sukari yake. Hii inapita Bujumbura kwa mukono wa mutu wa parokia, na kutoka huko Mungu atajua njia. Tuko wazima. Ngendakumana amehama Sange, sasa anagombana na kuku wangu kwa sababu ndege hawapo. Mutoto atakuwa amezaliwa Septemba, na minye sijui hata ni mume au muke. Nimemshonea kofia ya rangi ya njano, inafaa wote.

Pasipoti imefariki tarehe 14 Oktoba. Niliiweka mezani tukakaa nayo jioni ile, nikataka kuifanyia matanga, Ngendakumana akakataa kununua bia. Wa kuiongezea muda hapa hakuna. Wakubwa wamebadilika tena, mihuri nayo imebadilika. Kwa hiyo ile Jumapili ya mnyororo ndiyo tulikuwa tumepewa, mutoto wangu, na nimefurahi sana kwamba niliitumia vizuri. Yule kijana wa muhuri nisalimie.

Nimezunguka vya kutosha. Sasa nakujibu.

Siku ile ya Oktoba baba yako alikuweka kwenye boti asubuhi. Mlikuwa mmejaa, na boti ilikuwa bado inangoja mafuta. Watu pale bandarini walikuwa wanasema, Zambia ukifika bila karatasi wanakurudisha palepale kwenye vita. Frédéric akasikia. Karatasi yako ya kuzaliwa na ile ya shule zilikuwa kijijini Runingu, ndani ya nyumba yenu. Akasema anakwenda kuzichukua na kurudi kabla mafuta hayajafika. Nikamshika shati. Akacheka, unamjua, akaniambia, "Wee Pudentienne, unataka binti yangu aozwe kwa polisi wa mpaka kwa kukosa cheti?" Akachukua baiskeli ya Ngendakumana. Boti yenu ikaondoka mchana, yeye hajarudi.

Alifika Runingu. Karatasi alizichukua, zilikuwa ndani ya shati lake. Walimpiga risasi barabarani akirudi, chini ya kijiji. Nani, hatujui, siku ile barabara ilikuwa na kila aina ya bunduki. Ngendakumana na majirani wawili wamemzika katika shamba la muhogo la babu yako, upande wa mlimani, ambako maji hayafiki. Tumeweka msalaba. Minye nimefika huko mara tatu.

Kwa nini sikukuandikia? Barua zako za mwaka jana zote zilikuwa zinasema ulipokewa vizuri, ulipewa blanketi, hawakukuuliza karatasi. Nikafikiri, nikimwandikia huyu mutoto kwamba baba yake alikufa kwa kumfuatia karatasi, atahesabu mwenyewe, na atahesabu vibaya. Atasema, ni minye nimemuua. Kwa hiyo nikakuandikia mambo ya ndege, na kweli ndege walinisaidia sana.

Sasa weye ni mama, utaelewa hesabu yangu. Umlaze usiku mutoto wako ukijua kesho anahitaji kitu kilicho ng'ambo ya barabara mbaya, kisha uniambie kama ungebaki umekaa. Hukumtuma. Hukujua hata alikokwenda. Alikwenda kwa sababu alikuwa baba yako, na aliyemuua ni yule mwenye bunduki, si mwingine. Ukianza kujilaumu, kumbuka shangazi yako amekwisha kukataza, na shangazi haulizwi mara mbili.

Jina la mutoto nitumie upesi, kwa njia yoyote. Kasonde aendelee na ndagala. Mama mkwe mwambie sasa nimejua kwa nini alivua viatu, na nimeona aibu kwa ile pole.

Lia leo, Jolie, lia yote. Kisha uamke ule vizuri, uji, samaki, na sombe ya majani ya muhogo kama iko huko, kwa maana mutoto hanyonyi machozi.

Shangazi yako,
Pudentienne